Nelima haandiki jina bila kibali cha mazishi

Saa mbili asubuhi, Phelista Nelima anapuliza vumbi kwenye kibao chenye herufi I, anakiinua kwenye mwanga wa mlango, kisha anakiegemeza chini ya benchi, uso ukitazama ukuta. Herufi L haitaguswa mpaka hii iende Bungoma na kurudi.

"Hawa vijana siwaamini," anasema. "Wanacheka sana."

Kwa miaka kumi na tisa, hapa Kitale, Nelima ameandika majina kwenye misalaba ya makaburi: rangi nyeupe juu ya nyeusi, shilingi mia nne kila msalaba. Wateja humjia kutoka Saboti na Moi's Bridge. Sharti ni moja: bila kibali cha mazishi, haandiki.

Miezi miwili iliyopita, Jotham Kipkosgei, mwanafunzi wa filamu katika chuo kimoja cha Bungoma, aliingia kibandani. Darasa lao lilikuwa limetunga filamu ya kusisimua, *Nani Alimzika Wabwile?*, na alitaka kichwa chake kiandikwe kwa herufi za misalaba. Za kompyuta, alisema, hazitishi mtu.

"Kibali iko wapi?" Nelima akauliza.

"Mathe, huyo Wabwile hayuko. Tumemtunga."

"Mimi najua akina Wabwile wanne. Mmoja ananiletea maziwa. Mnazika yupi?"

"Hakuna mtu anazikwa, bana. Ni filamu tu."

"Hata yule mwingine alisema ni msiba tu."

Yule mwingine alikuja mwaka 2019 na jina la kaka yake. Kibali, alidai, kilibaki mochari. Nelima akamhurumia, akaandika. Baada ya wiki sita, mwenye jina aliingia kwa miguu yake, picha ya msalaba ikiwa kwenye simu. Nduguye alikuwa amemwonyesha mnunuzi wa shamba picha hiyo, kama ushahidi kwamba mwenye shamba amekufa.

"Nilidhani ni mzuka, mpaka akakanyaga rangi yangu akaacha alama," anasema, bila kucheka. Polisi walimhoji Nelima siku mbili. Kwa karibu mwaka mzima, waliofiwa walipeleka misalaba yao kwingine.

Kipkosgei alikataliwa mara mbili. Mara ya tatu alileta mswada mzima. Nelima aliusoma kurasa zote sitini, akitafuta shamba. Hakuliona.

Akakubali, kwa njia yake: kila herufi ya jina la Wabwile kwenye kibao chake, kibao kimoja kwa wiki. Chuoni wanakipiga picha na kukirudisha, ndipo wanapewa kingine. Jina wataliunga kwenye kompyuta. Kikirudi tu, anakipaka rangi nyeusi chote.

"Mhadhiri akiuliza mbona tumechelewa, nasema ni mathe wa Kitale," anasema Kipkosgei. "Siku hizi haulizi tena."

Filamu itaonyeshwa mwisho wa muhula katika ukumbi wa chuo, na Nelima amealikwa. Ikienda vizuri, anataka kutafuta kazi zaidi za vichwa vya filamu, na mabango ya maduka pia. "Nimechoka kuandika watu ambao hawawezi kuja kuona."

Lakini kwanza ataangalia mwenyewe.

"Nimeuliza swichi ya ukumbi iko wapi," anasema. "Nitakaa hapo. Wakiweka hilo jina juu ya msalaba, nawasha taa."