Papa Aliyemwagilia Antene

Jumanne iliyopita, katika saa ya tatu ya masomo, mama mmoja alisimama mlangoni pa darasa letu, miguu yake ina matope mpaka magotini, akamwomba mwalimu ruhusa ya kusema neno moja. Alisema mlinzi wa antene, ule mnara wa simu wa kilimani, amefariki alfajiri. Alivuta kitenge chake mabegani akaenda kupeleka habari hiyo hiyo kwenye darasa la pili, kisha kanisani, kisha sokoni. Zamani, yaani mwezi wa nane tu, habari ya kifo ilifika kwa simu kabla marehemu hajafumbwa macho. Hii ilitembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa sababu antene aliyoilinda huyo Papa, mzee wetu, imenyamaza na rezo ya simu imekatika tangu mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa.

Ninyi mnaosimama mbele ya gazeti hili la ukutani kila Jumatatu kabla ya kengele, mnajua desturi ya ukurasa wangu: sitaji jina la mtu. Leo pia sitalitaja, ingawa hapa Kingi hakuna asiyemjua. Mnajua vilevile kwamba kazi yangu ni kuwachekesha. Mimi mdomoni ni bubu; mwalimu akiniita ubaoni jasho linanitoka. Kwenye karatasi ndipo ninapopata ujasiri, na mwaka huu nimeona ujasiri wa namna hiyo unaweza kufanya nini.

Antene ile, wengi wetu tuliikuta. Ilipojengwa mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Kilima kilikuwa malisho ya ng'ombe, na upande wa chini kulikuwa na shamba la maharage la huyo Papa. Vyuma vilikuja na lori, lori likazama kwenye matope mbele ya Mushaki, vikahamishiwa kwenye magari madogo, na mwisho wa barabara wanaume wakavibeba mabegani. Kila kipande kilikuwa na namba ya rangi nyeupe, maana kilikuwa na mahali pake pamoja tu na hakikukubali pengine. Yeye alibeba kipande cha mguu. Aliniambia kwamba watu walibishana sana kwa nini chuma kirefu hivyo kimepewa miguu mitatu badala ya minne, mpaka fundi mmoja akawaonyesha kiti cha jikoni cha mke wa Papa: miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, wa nne ndio unaoleta ugomvi. Fundi akawaeleza pia kwa nini mnara una matundu kama kikapu kilichosukwa vibaya. Upepo wa vilima vyetu ukikuta ukuta unausukuma, ukikuta matundu unapita na kwenda zake. Rangi nyekundu na nyeupe ni kwa ajili ya marubani wa ndege kwenye ukungu. Na ile sahani ya mviringo kama ngoma, inayotazama upande mmoja tu, inaongea na sahani nyingine kwenye kilima kingine, nayo inaongea na ya tatu, hivyo hivyo mpaka Goma. Vilima vinaambiana.

Watu walikubali yote hayo. Jambo moja tu liliwatisha. Mafundi walichimba shimo pembeni ya mguu mmoja, wakateremsha waya mnene wa shaba kutoka kileleni, wakaufukia kwa makaa na chumvi, magunia kwa magunia. Akina mama waliokuwa wanapalilia walisimama wakatazama. Chumvi yote ile, na hakuna anayepika! Jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba wazungu wa simu wamefunga mvua. Mwaka ule mvua ilichelewa kidogo, basi, ushahidi ukapatikana. Papa huyo mwenyewe aliogopa. Aliniambia alikataa kulima upande ule wa kilima kwa msimu mzima. Baadaye kampuni ilitafuta mlinzi, watu wote wakakwepa, yeye akakubali kwa sababu shamba lake lilikuwa tayari limekaa pale. Fundi wa mwisho kuondoka alimshika mkono akamwachia agizo moja: wakati wa jua kali, amwage maji kwenye shimo lile, udongo usikauke.

Akatii. Kila mwaka, mvua zikikatika, alipanda kilima na bidoni, dumu lililojaa maji kutoka kwenye chemchemi, mara mbili kwa juma, akamwaga shimoni polepole, akakaa mpaka udongo umeyanywa. Wakubwa walikuwa wamemzoea, hawakumwona tena. Mimi nilimwona mwezi wa sita, nikiwa nimetumwa kutafuta kuni. Nilimwona mzee mzima ameinama chini ya chuma kirefu, anakimwagilia maji kwa heshima kama mtu anayehudumia mche. Nilicheka peke yangu njia nzima. Jumatatu mkasoma hapa ukutani kwamba mlinzi wetu amepanda antene kama kabichi, kwamba ikiota vizuri tutavuna rezo ya kukaanga na kitunguu. Mlicheka sana. Nilisimama nyuma yenu, kitabu usoni, nikasikia mnavyocheka, na sitadanganya: ilikuwa siku tamu kuliko zote za mwaka wangu wa shule.

Jumatano yake kilima kizima kilikuwa kinaimba. "Papa, shu yako inaota?" Shu, kabichi, lilikuwa jina lake jipya. "Papa Shu, tutavuna lini?" "Papa, usisahau samadi!" Hata wanaume wenye akili, waliobeba vyuma pamoja naye, walimwuliza barabarani kama antene itazaa mapacha.

Nilikutana naye chemchemini kabla ya juma kwisha. Alikuwa anageuka kurudi nyumbani, na bidoni yake ilikuwa tupu. Nilitaka kugeuka, akaniita.

"Ni weye njo mutoto wa kuandika?"

"Ndiyo, Papa."

"Unaandika muzuri. Hata mama ya batoto alicheka, akamwaga chai." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Ila haukuniuliza."

Tunafundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza kwa sababu kuuliza kungeharibu kichekesho. Akaweka bidoni chini, akanieleza yote niliyowaandikia hapo juu, miguu mitatu, matundu, sahani, chumvi, kama mtu anayenifungulia nyumba yake chumba kwa chumba.

"Radi iko kama mulevi," alisema. "Ikiingia kwa nyumba inatafuta mulango wa kutokea. Ile waya ya shaba njo mulango. Udongo ukikauka, mulango unajifunga. Sasa mulevi atatokea wapi? Atapita kwa dirisha, atavunja sahani zote."

"Kumbe! Basi Papa, kwa nini leo bidoni iko tupu?"

Alitazama njia ya kilima. "Nimeacha kidogo. Batoto banaimba nikipita. Mi nimezeeka, binti yangu. Aibu inanichokesha kuliko mulima."

"Nitaandika tena, Papa. Nitasahihisha. Nitaandika hivi hivi ulivyosema."

"Andika," alisema. "Bakimaliza kusoma, nitapanda na maji."

Mliokuwa mnasoma ukurasa huu mwezi wa sita mnakumbuka niliandika nini Jumatatu iliyofuata. Niliandika kuhusu mpira wa walimu dhidi ya wapishi wa parokia. Lilikuwa gazeti la mwisho kabla ya likizo kubwa. Naweza kusema mitihani ilinibana, na ni kweli ilikuwepo. Lakini karatasi ya masahihisho niliiandika nusu, kisha nikaona hakuna mtu atakayecheka, nikaona mtasema sasa huyu amegeuka kuwa mwalimu wa jiografia, nikaikunja. Nikajiambia, mwezi wa tisa. Likizo ikaja, jua likawaka, naye akangoja nimsafishie njia. Nilimpita mara tatu katika miezi ile miwili. Kila mara alinisalimu kwanza.

Radi ilipiga kwenye mvua ya kwanza, mchana, watu wakitoka sokoni. Wote tuliiona ikishuka kwenye ncha ya mnara, na wote tulisikia ule mlio kama sufuria zote za dunia zimeanguka. Simu zikafa mikononi mwetu. Fundi alifika baada ya majuma mawili, kwa pikipiki, amechoka na vizuizi vya barabarani. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya uzio. Alifukua shimo lile mpaka chini ambako mvua ilikuwa bado haijafika, akachota udongo, ukapita katikati ya vidole vyake kama majivu.

"Maji ilifika hapa mara ya mwisho lini?" aliuliza.

"Mwezi wa sita," Papa alijibu. Hakusema kwa nini. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na hakuinua hata macho kunitazama.

Fundi akatikisa kichwa. Akasema vyombo vya ndani vimeungua, vingine lazima vitoke Goma, na barabara mnaiona wenyewe. Halafu akaongeza, labda kwa kumhurumia mzee, kwamba hata udongo ungekuwa umelowa pengine vingeungua tu, radi haina sheria. Neno hilo "pengine" nimelilalia usiku mwingi. Linanisaidia kidogo, halafu haliwezi tena.

Zipo kazi ambazo matunda yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Anayezibua mfereji wa barabara kabla ya mvua, hakuna anayemshukuru kwa maporomoko ambayo hayakuanguka. Mama anayechemsha maji ya kunywa hapewi pongezi kwa homa ambayo mtoto hakuipata. Tunampigia makofi fundi anayekuja na begi lake mambo yakiwa yameharibika, tena tunamchinjia kuku. Yule aliyezuia yasiharibike tunamwona mtu wa ajabu, anayemwagilia vyuma. Papa yule alifanya kazi ya namna hiyo miaka yote ya maisha yangu, na sisi, tulioongea na ndugu zetu wa Sake, wa Shasha, wa Goma, kwa sababu yake, tulidhani rezo inatoka mbinguni.

Aliugua kifua mara tu baada ya fundi kuondoka. Ana binti mmoja, ameolewa Walikale, anauza mafuta ya mawese huko, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anampigia baba yake. Sasa Jumapili zilipita kimya. Mama wa nyumba ile alinijia akiwa na kikaratasi cha namba. "Weye unajua mambo ya simu," alisema. "Mupande kilima ile ya mbali, bananiambia rezo ya antene ya ngambo inafika pale. Umuite binti yetu. Papa yake anamuuliza kila saa." Ningependa kupewa kazi nyingine yoyote. Lakini nilipanda, saa mbili kwa miguu, nikazungukazunguka kileleni na simu juu ya kichwa mpaka ikashika.

"Alo? Ni nani?"

"Dada, ni mutoto wa hapa Kingi. Papa anagonjwa."

"Mupe simu."

"Hayuko hapa, dada. Hapa njo penye rezo. Yeye iko chini kule nyumbani."

"Basi mumubebe kwa kipoyi ya kubebea bagonjwa, mumupandishe. Nataka kumusikia."

"Kunanyesha, dada. Kifua yake haitaweza."

Alilia kidogo, kisha akanipa maneno ya kupeleka. Amngoje, anatoka kesho, asichoke kungoja. Nikayarudia njiani ili yasianguke. Nilipofika, Papa alikuwa ameegemea ukuta, amefunikwa blanketi mbili. Nikamwambia yote, bila kupunguza. Alisikiliza amefumba macho.

"Sauti yake iko namna gani?" akaniuliza.

"Iko muzuri, Papa."

"Muzuri namna gani? Ilikuwa inatetemeka? Iko ya muntu mwenye alikula?"

Mimi niliyepata maneno ukurasa mzima juu ya kabichi, nilisimama mbele ya mzee anayeomba sauti ya mtoto wake, nikasema tena, "Iko muzuri tu." Akaitikia kwa kichwa. Siku ya pili yake, alfajiri, akafariki. Binti alifika Ijumaa, amekwama njiani siku tatu, na kaburi lilikuwa limekwisha kupata maua.

Jumamosi alikaa nami jikoni kwao, akanishukuru kwa kupanda kilima. Alikuwa amesikia habari ya watoto waliokuwa wanaimba. "Banasema ilitoka kwa gazeti ya shule," alisema. "Ni nani aliandika?" Nikamjibu, "Ni mwanafunzi mmoja." Akasema, "Mungu amusaidie," akaendelea kuosha sahani. Kumwahidi baba yake masahihisho kwa mdomo niliweza, pale chemchemini, na haikutosha, kwa sababu sikumkosea kwa mdomo. Kilichoandikwa ukutani mbele ya macho ya watu kinasahihishwa ukutani, mbele ya macho hayo hayo, upesi, aliyekosewa akiwa bado anaweza kusoma. Hilo nimejifunza kwa kuchelewa.

Leo Jumatatu anarudi Walikale, na njia yake inapita mbele ya shule. Nimemwomba asimame hapa kidogo kabla ya kupanda pikipiki. Dada, maji yale yalikuwa kazi, na baba yako aliifanya vizuri. Aliyemfanya aiache ni mimi. Nimesimama nyuma yako, karibu na mlango wa darasa la nne. Leo sijashika kitabu usoni.