Tulimmwagia Bia Mtu Asiyekunywa

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hii si hadithi niliyopewa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshakunywa chai yangu na mandazi mawili, kichwa kikiwa sawa kabisa. Nitataja majina. Wafula yuko hai. Gitonga yuko hai na amenenepa. Wakitaka kunishtaki waje, watanikuta nyumbani, siku hizi siendi mahali.

Shule niliiachia darasa la sita huko kwetu Vihiga. Nairobi nilikuja kubeba mawe. Yale maghorofa ya Upper Hill yenye vioo, ambayo watu wanaingia na kadi shingoni, baadhi yake nilipandisha simiti yake kwa mgongo huu. Lakini mjengo ukiisha mnaachwa wote siku moja, unaanza tena kusimama getini asubuhi na njaa, ukiomba ile ile kazi ya jana. Jioni nilikuwa nanyanyua vyuma pale Satellite nilipopanga chumba. Nikisema vyuma usidhani ni jim ya maana. Ni madebe mawili ya simiti iliyokauka na bomba katikati.

Hapo ndipo Wafula aliniona. Alikuwa mkuu wa ulinzi katika kasino moja katikati ya mji. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe na mwili huu unabeba mawe ya nini? Kuja ubebe walevi. Mlevi hana kona kali."

Nilicheka. Nikaenda.

Sikuanza na suti. Nilianza kuchunga magari nje ya klabu moja karibu na Dagoretti Corner, kwenye baridi, nimevaa koti la mvua la mtu mwingine. Mwaka mzima. Nikapandishwa mlangoni. Ndipo Wafula akanivuta kasino, nikapewa suti nyeusi, redio ya mkononi, na kile kifimbo kinacholia kikigusa chuma. Mke wangu aliiweka picha yangu ya suti ukutani juu ya kalenda. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe nilikuwa naiangalia.

Vijana wanadhani kazi hii ni misuli. Niamini, misuli ni ya wiki ya kwanza tu. Kazi ni macho na viganja. Unampekua mtu kuanzia kola, unashuka kwapani, mgongo, kiuno, hadi kwenye soksi, na baada ya mwaka mmoja viganja vinajua watu kuliko macho. Mwenye kisu moyo wake unagonga tofauti. Aliyeiba kwa bibi yake ili aje kucheza, huyo jasho lake ni baridi. Unajifunza pia mambo ambayo hakuna mtu amebandika ukutani. La kwanza na la mwisho ni hili: mtu hafii ndani. Akifia ndani, polisi watakuja, mashine zitazimwa, wateja watakimbia. Kwa hiyo anayezidiwa anatolewa. Mmoja anashika mkono huu, mwingine ule, mnaiweka mikono yake kwenye mabega yenu, mnatembea naye mkicheka kama marafiki waliochelewa kurudi nyumbani. Sisi tuliita kumtembeza. Akishafika nje, ni wa barabara.

Nilikuwa nimetembeza walevi wengi. Mtu mgonjwa sikuwa nimetembeza hata mmoja.

Sasa kulikuwa na mzee tuliyemwita Mwalimu Ombati. Alikuwa amestaafu kufundisha, mwembamba, sweta la kijivu, na miaka miwili mizima nilimpekua pale mlangoni. Hakusubiri kuambiwa. Akinifikia tu anainua mikono, anasema, "Mwanafunzi, kagua." Alikuwa akikaa Satellite kama mimi, upande ule wa kanisani, lango la buluu. Kanisa lake ni lile linaloabudu Jumamosi, na pombe hawagusi hata kwa dawa ya kikohozi. Wasichana wanaogawa vinywaji vya bure walimjua, walikuwa wanamletea maji moto na ndimu. Siku moja nilimtania, nikamwambia, Mwalimu, si uonje hata kidogo, ni bure? Akaniangalia juu ya miwani.

"Nimepotea njia moja, mwanafunzi. Usinionyeshe ya pili."

Basi ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni. Nilisikia kiti kikianguka. Nilipofika, Mwalimu alikuwa chini kando ya mashine, mkono mmoja kifuani, midomo imebadilika rangi. Nikapiga magoti. Alinishika mkono wa koti, akasema neno moja, "Hospitali." Nililisikia. Hata leo nikikanushiwa na dunia nzima, mimi nililisikia. Na hospitali kubwa iko pale juu tu, teksi ni dakika kumi.

Wafula akaja mbio. "Amekufa?"

"Bado. Tuite gari."

Gitonga, meneja, akatokea nyuma yake. Huyo hakumwangalia Mwalimu. Aliwaangalia wateja waliokuwa wameanza kugeuka.

"Kwani nyinyi ni wageni hapa? Ondoeni mlevi."

"Bosi, huyu hanywi," nikasema.

"Leo amekunywa."

Akachukua chupa ya bia kwenye meza ya mtu, akammwagia yote kifuani. Akainama akaniambia sikioni, polepole, kama anayenipa zawadi: "Nafasi ya supavaiza iko wazi tangu mwezi uliopita. Nataka mtu anayeelewa."

Na mimi nikaelewa. Hapo ndipo pangu. Makosa ya Wafula na Gitonga watayajibu wenyewe, lakini kosa la hapo ni langu. Nilimwinua Mwalimu upande wa kushoto, Wafula wa kulia, tukamtembeza hadi nje kupitia mlango wa nyuma, ncha za viatu zikikwaruza lami. Jua lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wengi. Wafula akapaza sauti, "Mzee, si nilikuambia usichanganye!" na watu wakacheka, na Mungu anisamehe, mimi nilicheka pia, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa. Tukamkalisha kwenye benchi la wapiga viatu rangi, kichwa kikaegemea ukuta. Nilihisi anapumua nilipomwachilia. Tukarudi ndani.

Kwenye kitabu cha matukio niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Mteja ametoka kwa miguu yake, amelewa sana. Nikaweka sahihi.

Kabla jua halijatua alikuwa amekufa pale pale kwenye benchi. Watu walipita, wakanusa, wakaendelea na safari zao. Ungesimama wewe?

Baada ya wiki mbili mke wake akaja kasino. Mama Kemunto, mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alisema wazee wa kanisa wamekataa kumwombea marehemu, kwa kuwa aliokotwa akinuka pombe mchana mweupe. Amezikwa kwao bila wimbo hata mmoja, watu wakisimama mbali. Alitaka kujua jambo moja tu. Kwamba mumewe alikuwa anacheza kamari, alijua. Alitaka kujua kama alikunywa.

Gitonga akamletea kitabu. Mama akasoma mwenyewe kwa sauti. Halafu akanigeukia, nami nimevaa beji mpya ya supavaiza, siku yake ya tatu.

"Baba, wewe ulimwona? Alikuwa amelewa?"

Gitonga alikuwa ananiangalia. Wafula alikuwa ananiangalia.

"Ndiyo, mama. Alikuwa amelewa sana."

Akasema asante. Fikiria! Akasema asante, akatoka.

Sasa sikiliza vizuri. Ilikuwa Jumamosi, kama saa tano asubuhi. Ndani ya kasino hakuna dirisha wala saa ya ukutani, lakini hapo mlangoni kuna kioo, na jua lilikuwa limeingia hadi kwenye viatu vyangu. Kijana wa mlango alikuwa ameenda kunywa chai, nikamshikia nafasi. Mtu akaja akasimama mbele yangu, akainua mikono. Mimi nilikuwa naangalia redio yangu, betri ilikuwa inasumbua, kwa hiyo mikono ikaanza kazi yenyewe kama ilivyozoea. Kola. Kola ilikuwa imelowa. Nikashuka kifuani, sweta lote limelowa, baridi ya kitu kilichotoka kwenye friji. Kiganja kikafika pale ambapo moyo hugonga.

Hakukuwa na kitu. Sisemi uligonga polepole. Ilikuwa kama kuweka mkono kwenye ukuta.

Nikainua macho.

"Mwanafunzi," akasema. "Umenipekua miaka miwili. Ni siku gani ulinikuta ninanuka?"

Harufu ya bia ilikuwa imejaa pale mlangoni. Nikasema, "Hakuna siku, Mwalimu."

"Basi nenda umwambie mke wangu."

Na unajua nilimjibu nini? Mtu amezikwa, amesimama mbele yangu Jumamosi saa ya ibada yake, anaomba kitu kimoja, na mimi nikamjibu, "Mwalimu, nitafutwa kazi."

Hakukasirika. Aliniangalia vile mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekosa hesabu rahisi mara ya tatu. Akashusha mikono. Akaichukua mikono yangu yote miwili katikati ya yake, kama wanavyosalimiana watu wa kanisa wakitoka ibadani, akaifinya. Ilikuwa baridi mpaka kwenye mfupa.

"Basi kaa nayo," akasema.

Akageuka akatoka juani. Watu waliokuwa barabarani walimpisha, kila mmoja akisogea hatua moja bila kumwangalia, na akaenda.

Redio ikalia. Ilikuwa Wafula, kwenye chumba cha kamera. "Supavaiza, unapekua hewa? Ama umeanza kuvuta vitu?" Nilipanda nikaiona kanda mwenyewe. Ni mimi peke yangu pale mlangoni, napapasa, nashuka, nainua kichwa, naongea. Halafu nanyoosha mikono mbele na inatulia hapo, kama imeshikwa. Wafula alicheka hadi akakohoa. Kisha akanusa. "Lakini wewe," akasema, "umetoka kunywa saa ngapi?"

Ilikuwa kwenye viganja. Bia iliyolala, ile harufu ya meza ya baa asubuhi kabla haijafutwa. Niliosha na sabuni ya unga. Nikaosha na ndimu, na majivu, na mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka. Nilivaa glavu, ikapita kwenye glavu. Mimi pombe nilijaribu mara moja nikiwa kijana, ikanitapisha, sijairudia. Nani aliniamini? Mke wangu alianza kuinua godoro akitafuta chupa. Alikuwa akiitafuta kimya kimya, anarudisha shuka vizuri, nisijue. Sasa anakaa kwa dada yake na watoto. Picha ya suti aliiacha.

Gitonga aliniita ofisini mwezi haujaisha.

"Unakunywa kazini."

"Bosi, sijagusa."

"Leo umegusa," akasema, kwa sauti ile ile, wala hakukumbuka. Wafula akaandika kwenye kitabu, akaweka sahihi kama shahidi. Miaka yote ile, kutoka kwenye koti la mvua hadi kwenye beji, ikaisha kwa mstari mmoja. Nilitafuta kwingine. Klabu, hoteli, hata geti la shule. Kila mahali mambo yanaenda vizuri hadi tunaposhikana mikono.

Nilipokuwa sina tena cha kufutwa, nikaenda kwenye lango la buluu. Mama Kemunto alifungua mwenyewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Mama, nimekuja kukuambia ukweli. Mwalimu hakuwa ame..."

Akarudi nyuma hatua moja, akaziba pua na kile kitambaa.

"Baba, urudi siku hujalewa."

"Mama, mimi sinywi. Naapa."

"Hata mwenzangu alikuwa ananiambia hivyo," akasema. "Na mimi nilikuwa namwamini." Akafunga lango, akaweka na komeo.

Nimerudi mara nne. Barua niliandika, nikaipitisha chini ya lango. Kesho yake niliikuta kwenye mtaro, imelowa, haijafunguliwa. Wazee wa kanisa nao waliniambia watanipokea nikiacha chupa.

Wewe unayetafuta kazi ya mlango, uko na kifua na una njaa, sikuambii usiende. Nenda, watoto lazima wale. Lakini iko siku bosi atainama sikioni mwako akuulize kama unaelewa. Mwambie huelewi. Jifanye mjinga, angusha redio, toka nje upige kelele gari lije. Utafukuzwa, na utalala usingizi.

Na wewe Mama Kemunto, kama kuna mtu atakusomea haya: mzee wako hakunywa. Aliomba hospitali. Bia ilimwagwa na Gitonga, Wafula alimshika kulia, na mimi nilimshika kushoto.