Mkono Mmoja Mfukoni

Karakana yangu iko sebuleni kwangu, hapa Buyenzi, kwa sababu mimi hata kufika barabarani ni safari. Juzi Désiré, mpiga gitaa wa kwaya, aliniletea ampli ya lampi, zile taa za kioo za mitambo ya zamani, inayokwaruza. Ugonjwa wa kawaida: miguu ya lampi imeingia uchafu, na matundu yake vilevile. Dawa ni kusafisha kwa alkoli. Lakini ampli hizi hubaki na umeme wa kuua hata ukichomoa waya, ndiyo maana mafundi tunashika kwa mkono mmoja, wa pili tunautia mfukoni, umeme usije ukapita moyoni.

Nikausubiri umeme utoke mpaka chai ikapoa. Kisha nikaingiza brashi kwenye tundu, mkono wa pili mfukoni. Mara mtetemo ukanipanda hadi begani. Nikaanguka chali, nikatoa shahada, nikamuusia mke wangu, aliyekuwa jikoni, awatunze watoto.

Désiré, aliyekuwa amerudi kuulizia ampli yake, akaingia mbio kutoka mlangoni.

“Usiniguse,” nikamwambia. “Umeme bado umenishika.”

Akautazama mfuko wangu.

“Apana, fundi,” akasema, simu yake ikiwa bado sikioni. “Ni mi nakupigia.”