Boksi Lililoota Moto Nyololo

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Tekla Kikoti hajamsalimia mtu. Ameinamia boksi la baridi la sampuli lililotoka Nyololo, macho kwenye kipimajoto.

"Nyuzi nne!" anashusha pumzi, ndipo anamgeukia dereva. "Haya, Jailos, kamwene. Umeamkaje?"

Jailos anacheka. Wiki iliyopita hapakuwa na wa kucheka.

Tekla, 43, ni mtaalamu wa maabara jijini Mbeya. Mwaka wa kumi na saba huu anasaka virusi vya mafua na vya homa ya ini. Mashine yake hunakili kipande kidogo cha kirusi, viwili, vinne, vinane, mpaka vinahesabika.

"Kirusi cha mafua vinasaba vyake ni RNA. Hiyo inadeka, ikipata joto tu inakatikakatika," anaeleza. "Cha homa ya ini B ni DNA, kigumu kidogo. Ila ugumu nao una mwisho, ndugu yangu."

Wiki iliyopita gari la sampuli liliharibika Nyololo, wilayani Mufindi. Jailos akaliacha boksi kwa mama yake Tekla, Bibi Faustina, 71, anayekaa jirani na barabara, akaenda kuhangaika na fundi. Siku hiyo baridi ya Mufindi ilikuwa inang'ata.

Sasa, nyumbani kwa Bibi mgeni haachwi barazani akitetemeka, sembuse mzigo wa binti yake! Akalifungua boksi, akalisogeza jikoni, karibu na moto.

"Nikaona mabarafu, nikasema masikini, dawa za watoto wa watu zimeganda," anasimulia kwa simu. "Nikayatoa. Kumbe naharibu, jamani!"

Boksi lilifika Mbeya likiwa na nyuzi thelathini na moja. Sampuli za mafua zote zikatupwa. Ikabaki ya homa ya ini, ya mama mwenye mimba ya miezi saba. Tumwite Frida.

Virusi vyake vikiwa vingi, chanjo ya mtoto peke yake inaweza isitoshe. Inabidi mama aanze dawa kabla hajajifungua. Wenzake Tekla wakamwambia hiyo ni DNA, ipime tu. Akagoma.

"Namba ningepata. Je, ikiwa ndogo, ya uongo? Mama wa watu anaambiwa nenda nyumbani, uko salama. Halafu nijitetee kwamba mama yangu alikuwa na huruma?"

Akaandika "imekataliwa", akaomba Frida atolewe damu upya. Kisha akajifungia chooni akalia.

"Mama alifanya kwa upendo. Nikimwambia ataumia, nisipomwambia atarudia," anasema. Akampigia.

Saa tisa alasiri, jibu la sampuli mpya ya Frida, iliyofika na boksi la asubuhi, linatoka. Virusi ni vingi mno. Tekla ananyanyua simu, anaipigia zahanati.

"Aanze dawa leo. Nimesema leo, siyo kesho!"

Anatamani siku moja aambiwe kwamba mtoto wa Frida amepimwa na hana kitu. Na Desemba atamleta mama yake Mbeya, aione hiyo mashine iliyomkosanisha na moto wake.

Bibi Faustina ameshajifunza. Safari hii Jailos alipopita kusalimia, boksi halikuvuka kizingiti.

"Nilimwambia Jailos aingie ale ugali," anasema Bibi. "Mimi nikajifunika blanketi, nikakaa nje na mgeni wangu. Tukaganda wote wawili."