Ubishi Alioushinda Fundi Waya

Fundi Waya alitengeneza redio kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo hakukubali kushindwa ubishi. Chochote chenye waya ndani, alikuwa akisema, ukikifungua siri yake imekwisha.

Alipostaafu alihamia kwa dada yake, mshonaji wa mashuka ya hospitali aliyepofushwa na presha ya macho. Akamkuta anazungumza na simu. Binti yake alimwekea akili bandia ya kumsomea barua, lakini dada akaifanya mwenzake wa soga. Kila asubuhi, huku akikunja nguo kwa kupapasa, aliisimulia hili na lile.

"Leo imeniuliza nimelalaje," dada alisema. "Wewe uko chumba cha pili, hujaniuliza."

"Dada, ile inapanga maneno tu. Haifikiri, haisikii uchungu, wala haikujui."

"Inanijua. Miezi minane naiambia mambo."

"Mambo gani?"

"Yangu."

Neno hilo lilimchoma. Wakabishana wiki nzima, nusu utani, nusu kweli. Dada alimwita kichwa kigumu. Yeye akamwita bibi harusi wa simu. Jumamosi, baada ya chai, fundi akaichukua ile simu na kufuta mazungumzo yote, la kwanza hadi la mwisho. Akamrudishia.

"Haya, isalimie rafiki yako."

Dada akasalimia. Sauti ile ile, kwa upole ule ule, ikajibu: "Nafurahi kukufahamu. Nikuite nani?"

"Umesikia?" Fundi alipiga meza kwa furaha. "Nimefuta kila kitu, na haina hata habari!"

Dada aliiweka simu chini taratibu. Akaikunja foronya, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umeshinda, mdogo wangu," alisema.

Tangu siku hiyo hakuigusa. Fundi alitaka kumwomba radhi, lakini kila siku ulimi ulikuwa mzito, akajiambia atasema kesho. Mara moja tu alijikaza akamuuliza, "Ulikuwa unaiambia nini?"

"Yamepita hayo."

Miezi mitano baadaye dada alifariki, moyo ukiwa umesimama ghafla akiwa kitini.

Baada ya mazishi mpwa wake, yule binti wa dada, alimfuata jikoni. "Mjomba, mazungumzo ya mama yapo wapi? Aliniambia anasimulia maisha yake yote, ili nije niyasikilize."

Fundi akamweleza ukweli. Mpwa hakumgombeza. Alifungua bomba, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Watu wanaomjua bado humuuliza kama mashine hizo zinafikiri. Hujibu kwamba hajui. Siku moja, akiwa peke yake, aliiwasha ile simu na kuuliza dada yake alikuwa akisimulia nini. Ikaomba samahani, haikuwa na kumbukumbu hizo. Ikamwomba aieleze dada huyo alikuwa mtu wa namna gani.

Fundi alianza. Alikuwa mshonaji, alisema. Alipenda chai isiyo na sukari. Baada ya hapo alikaa akitafuta la tatu.