Picha Niliyopigia Majini

Mjukuu wangu akimimina siki kwenye kachumbari, mimi nasikia harufu ya chumba cha giza, baba yangu alimosafishia picha kwa dawa yenye ukali wa siki.

Usiku mmoja wavuvi wa dagaa walimwita awapige picha mtumbwini, karabai zikiwaka. Alitia kwenye kamera mkanda mkali, ule unaoridhika na mwanga mdogo, asiharibu usiku kwa flashi. Lakini picha ya namna hiyo inataka mkono uliotulia, na mikono ya baba ilishaanza kutetemeka. Akanivalisha kamera shingoni.

Mwenye mtumbwi akanizuia. "Mwanamke hapandi humu. Dagaa watakimbia."

"Basi nitasimama majini."

"We binti, una mdomo."

"Na mkono ninao."

Niliingia ziwani hadi kifuani, gauni likielea, tope likinimeza vidole. Nikaegemeza viwiko kwenye nguzo ya kufungia mitumbwi. "Msitikisike," nikawaamuru wanaume wazima, nao wakatulia kama watoto wanaonyolewa. Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Picha ilitoka na chembechembe kama mchanga wa ufukweni, nyuso zao ziking'aa kuliko walivyostahili. Mwenye mtumbwi alipokuja kuichukua akaitazama sana. Alikuwa ameniona majini kwa macho yake, bado akamgeukia baba. "Mzee, umepiga vizuri."

"Mwambie aliyelowa," baba akajibu.

Mwenye mtumbwi akainamisha shingo, akaishika picha yake, akaanza kuondoka.

Nikamfuata hadi mlangoni. "Nimepiga mimi. Na dagaa hawakukimbia."