Moshi Juu ya Mahindi ya Mbegu

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu, Mwingereza akiwa bado anatawala, baba mkubwa alinunua nyumba ya mzungu mmoja mkulima wa kahawa aliyehama Mbozi na kurudi kwao. Aliinunua pamoja na injini ya umeme iliyolala bandani, na nyaya ambazo hakuna aliyejua zilifungwa lini. Jumamosi ile binti yake alikuwa anaolewa. Wakwe walitoka Tunduma, wengine ng'ambo ya mpaka, na alikwisha kuwatangazia kwamba watakula chini ya taa za umeme.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Kagua nyaya. Ukisema ziko sawa, tunawasha."

Nikamwambia kwamba chuoni umeme niliuona mara moja tu, betri na globu ndogo kama punje ya hindi. Akacheka. Alidhani ni adabu.

Nyaya zilivishwa kitambaa kilichosukwa kama utambi. Nilipokigusa kwa kijiti kilipukutika, na penye meno ya panya shaba ilikuwa wazi. Kitambaa hiki ndicho kinachozuia umeme, au ni pambo? Na injini ikilala, umeme unabaki ndani ya waya kama maji kwenye bomba, au unaondoka wote? Nilizunguka na kijiti changu asubuhi nzima, na kila nilipopata jibu nililitilia shaka.

Jikoni ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Jiko lilikuwa nje, paa la nyasi, na waya ulipita juu ya mafiga. Bibi, mama yake baba mkubwa, alikuwa ametundika kwenye waya huo mahindi ya mbegu, mafungu kwa mafungu, yapate moshi yasiliwe na fukusi.

"Bibi, mahindi haya yatoke."

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "umekaa chuoni ili urudi kunipangia jiko? Oa kwanza."

Wanawake waliokuwa wakichambua maharage wakaangua kicheko.

"Umeme utapita hapo, bibi."

"Upite. Nimeuzuia njia?"

Kabla sijajibu, injini ikanguruma bandani. Baba mkubwa alikuwa amechoka kunisubiri. Vigelegele vikasikika kutoka nyumba kubwa: taa ya sebuleni imewaka! Mimi nikatazama juu. Kulikuwa na moshi. Lakini jikoni kwa bibi moshi ulikuwapo siku zote. Nitautofautishaje wa kuni na wa waya? Nikanusa. Nikanusa tena. Kama kitambaa kinaungua, au ni kanga ya mtu imegusa kaa?

"Bibi, zima moto."

"Moto wa harusi?"

"Nakuomba."

Labda ni uso wangu. Akavuta kuni nje, akafukia makaa kwa majivu. Tukangoja, wanawake wakinitazama kama mgonjwa wa homa. Moshi ukapungua, ukaisha, isipokuwa uzi mmoja mwembamba uliotoka katikati ya mahindi ukipanda moja kwa moja kwenye nyasi.

Nikapiga kelele injini izimwe. Ikazimwa. Bibi akanyoosha mkono kwenye lile fungu.

"Usiguse!"

"Si imezimwa?"

"Imezimwa."

"Basi?"

"Sijui!"

Nikatwaa mchi mkavu wa kinu, nikaliangusha fungu chini, naye akalimwagia maji.

Baba mkubwa akaja mbio. Alipoelezwa, akasema, "Waya wa jikoni tutaukata. Sebuleni si imewaka vizuri?"

"Imewaka. Lakini kule kuna dari, baba. Siwezi kuona kinachotokea juu yake."

"Kwa hiyo nyaya ni mbovu?"

"Sijui."

"Nitawaambia wakwe 'sijui'?"

"Waambie hatuwashi," nikasema, nikashangaa kuisikia sauti yangu.

Alikwenda bandani akaufungua mkanda wa injini mwenyewe.

Tulikula kwa taa za karabai. Mkwe mmoja wa Tunduma alipoulizia umeme, baba mkubwa alinionyesha kwa kidevu: "Mwulizeni msomi."

Nikasimama na sahani mkononi. Nikaeleza kitambaa, panya, dari, moshi wa aina mbili, nikarudi tena kwenye kitambaa. Sikujua kama najitetea au naomba radhi, wala sikujua pa kuishia. Nilipopumua kidogo, yule mkwe akainamisha kichwa akasema, "Amina," na watu wakaendelea kula.